Chapa kwenye Ng'ombe wa Mama Venansia

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Wabelgiji walikuwa bado wakubwa wa nchi, na mimi nilikuwa kijana mwenye meno yote na akili nusu. Nilisimama nyuma ya duka la mchuuzi mmoja mgeni, pale njia ya Masisi inapoanza kushuka kuelekea misitu ya Walikale, nimeshika kamba ya ng'ombe jike mweusi mwenye mimba. Karani wa duka alikuwa amechutama mbele ya makaa, anageuzageuza chuma cha chapa. Akaniuliza bila hata kuinua macho:

"Hii ng'ombe iko yako?"

"Njo yangu, ndiyo," nikasema.

Basi akasimama, akakibandika kile chuma kwenye paja la kushoto. Ng'ombe alilia, akanivuta mpaka nikapiga magoti kwenye udongo. Harufu ya manyoya yaliyoungua ikanijaa puani, na papo hapo nikajua nimefanya jambo lisilofutika kwa maji wala kwa majivu. Karatasi ikaletwa. Nilijua kuandika jina langu, mapadri walinifundisha, lakini siku ile niliandika herufi moja, nikaifuta, karani akachoka kungoja, akaniambia weka kidole tu. Nikaweka kidole.

Maana yule ng'ombe hakuwa wangu. Alikuwa wa Mama Venansia.

Ngoja nikueleze taratibu, usije ukasema mzee anachanganya mambo. Kwetu tulikuwa watu wa ng'ombe. Mama Venansia alikuwa jirani yetu wa mlima wa pili, mjane, mkulima wa maharage na mihogo, na marehemu mume wake alimwachia ng'ombe mmoja tu. Mkulima mwenye ng'ombe mmoja hajengi zizi. Humkabidhi kwa wafugaji. Mchungaji anakamua, maziwa ni yake, samadi ni yake; ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Karatasi hakuna. Papa yangu, baba mzazi, na mume wa Mama Venansia walishikana mikono mbele ya zizi, wakanywa kidogo, ikaisha. Na kwetu ni aibu kumwita ng'ombe wa namna hiyo mgeni. Akisha kulala zizini mwako unamwita wako, unampa jina, unamkanda kiwele kikivimba, na mwenyewe akikusikia unasema "ng'ombe wangu" anafurahi, anajua mali yake inapendwa. Kwa hiyo mdomo wangu ulikuwa umezoea. Lakini kuzoea kusema zizini ni kitu kimoja, na kusema mbele ya karani na chuma cha moto ni kitu kingine. Nilijua tofauti yake. Usinitetee.

Sasa yote hayo kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mashine. Ilikuwa mashine ya kutenga mafuta na maziwa, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono. Niliiona kwenye shamba la mzungu mmoja nilipopeleka ndama. Unamimina maziwa juu, unazungusha mpini, mrija mmoja unatoa mafuta mazito, mwingine unatoa maziwa mepesi. Nyumbani mama zetu walitikisa kibuyu toka asubuhi mpaka jua likae utosini, wakapata siagi ya viganja viwili. Na kule Walikale, kwenye kambi za madini upande wa Mubi, mpishi wa wakubwa wa kambi aliniambia kwa kinywa chake: "Leta siagi safi kila juma, hata ukileta kapu zima nitanunua." Nilipanda mlima kurudi kwetu nikiwa tajiri tayari. Nimeshajenga nyumba ya mabati, nimeshanunua baiskeli, hata kofia nilikuwa nimeichagua.

Mchuuzi alikubali kunipa mashine kwa mkopo, nilipe kidogo kidogo kila mwezi kwa pesa ya siagi. Lakini alitaka rehani: ng'ombe jike mwenye mimba, apigwe chapa ya duka ili nisiweze kumuuza pengine. Ng'ombe angebaki zizini kwetu. Nikikosa kulipa miezi miwili, angechukuliwa pamoja na alicho nacho tumboni.

Mimi mwenyewe nilikuwa na dume mmoja, mbavu zake unazihesabu ukiwa mlima wa pili. Majike mengine yote yalikuwa ya Papa. Ningemwomba, ndiyo, lakini Papa alikuwa mtu wa "ngoja kidogo", na mimi neno ngoja lilikuwa linaniwasha mwili mzima. Na kumwomba mjane niliona aibu. Angalia ujinga huo, mwanangu: niliona aibu kuomba, sikuona aibu kuiba. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mimi nilidhani ni maneno ya watu wenye magoti mabovu.

Na Papa kweli alikuwa na goti bovu. Tangu mvua za mwaka uliopita hakupanda tena malishoni ya juu. Nililala huko peke yangu na ng'ombe, ukungu ukishuka unanifunika mimi na wao. Njo maana nilithubutu. Nilijua hakuna jicho la mfugaji litakaloona lile paja.

Mashine ilipofika nyumbani Papa aliizunguka mara mbili kwa fimbo yake, akauliza nimeipata kwa njia gani. Nikamwambia mchuuzi ameniamini kwa sura yangu.

"Muchuuzi gani anaamini sura?" akasema.

Nikacheka sana. Yeye hakucheka.

Nikaibeba mpaka juu. Kwenye mpini ilikuwa na kakengele kadogo: ukizungusha polepole inalia, ukifikia mwendo unaotakiwa inanyamaza, njo unafungua maziwa yashuke. Watoto wa mlima mzima walikuja kuisikiliza. Miezi miwili ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Nilifunga siagi kwenye majani ya mgomba, nikaiweka kwenye chungu chenye maji ya kijito, nikashuka nayo msituni alfajiri kabla ya joto. Mpishi alilipa, karani alilipwa. Ungeniona njiani ungesema huyu kijana amefanikiwa.

Hukuona ndani. Kila asubuhi, kabla ya kukamua, nilichota matope na kinyesi cha ng'ombe, nikampaka yule mweusi paja la kushoto, kwa sababu kidonda kilipopona manyoya hayakurudi na herufi za duka zilikaa wazi kama jicho. Nikisikia fimbo inagonga jiwe huko chini, nachota tena. Mbwa akibweka, nakimbilia paja. Na Jumapili, baada ya misa, Mama Venansia alikuwa ananingoja nje na kifurushi cha maharage.

"Gaspari, ng'ombe yetu inasema nini?"

"Inakusalimia, Mama."

"Iambie nayiwaza. Bahati wangu iko karibu kuoa, na ile ng'ombe njo itamupa bibi."

Bahati alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume. Mbuzi za mahari alikuwa amezikusanya moja moja kwa jembe; ng'ombe ndiye aliyebaki, na wakwe walikuwa wamesema bila ng'ombe binti hatoki. Nilikuwa najua hayo nilipoweka kidole? Nilikuwa najua. Nilijiambia nitamaliza deni kabla ya harusi, hakuna atakayejua. Yale maharage niliyapika nikayala, mwanangu, mpaka punje ya mwisho. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mvua za mwezi wa tatu ndizo zilizoniumbua. Mlima ulimomonyoka, njia ya Walikale ikakatika, mto ukajaa. Nilikaa ukingoni siku mbili na chungu changu nikitazama maji ya rangi ya chai, mpaka siagi ikaoza mikononi. Nikaimwaga. Mwezi ule sikulipa. Karani akanitumia neno kwa wapagazi: mwezi wa pili ukipita hivyo hivyo, atakuja mwenyewe na polisi, ng'ombe anaondoka, na akisikia uongo wowote juu ya rehani mimi naondoka pia. Buloko, gereza la nyakati zile, ulikuwa unaingia na mgongo mzima, unatoka na mgongo wa fimbo.

Na katika mvua ile ile, ng'ombe akazaa. Ndama jike, mweusi kama mama yake, na doa jeupe kwenye paji la uso. Mchungaji mwingine angeimba. Mimi nilikaa chini nikashika kichwa. Kwa maana desturi yetu ni hii: maziwa yakishakuwa safi, siku ya nne au ya tano, kibuyu cha kwanza kinapelekwa kwa mwenye ng'ombe. Anakunywa, anashukuru, halafu anapanda malishoni kumpa ndama jina. Nikipeleka kibuyu, Mama Venansia anapanda. Akipanda, anaona.

Siku ya nne ilipita. Ya tano ikapita. Siku ya sita niliyachukua yale maziwa ya heshima, nikayamimina kwenye mashine, nikazungusha. Nilisema nahitaji siagi kwa ajili ya karani.

Nitakuambia na lingine, ambalo hata padri nilimwambia kwa kuchelewa. Siku ya saba nilimfunga yule ng'ombe kamba, nikamwongoza mpaka kwenye korongo. Nilitaka kumsukuma, halafu niseme amefukuzwa na chui. Mali ya watu imekufa, chapa imekufa, kesi imekufa. Nilifika pale ukingoni, nikasikia ndama nyuma yetu. Alikuwa ametufuata kwa ile miguu yake mipya, anaanguka na kusimama. Mama yake akageuka kumtazama. Nikaogopa, si ng'ombe, nilijiogopa mimi. Nikarudi naye zizini nikilia kama mtoto.

Kesho yake, Jumamosi mchana, ukungu ulipofunguka, niliwaona watu watatu wanapanda. Mbele Bahati. Nyuma yake Mama Venansia, amejifunga kitambaa kipya. Na nyuma kabisa, akipumzika kila hatua kumi, Papa na goti lake. Wakwe walikuwa wamesema watakuja kesho kumwona ng'ombe wa mahari, na Papa alisema ng'ombe haendi kuonyeshwa bila mfugaji kumtazama kwanza. Nilichota matope. Nilipaka kwa mikono miwili. Nilipaka mpaka nikasikia sauti zao karibu.

Kitu cha kwanza Mama Venansia alichoona kilikuwa ndama.

"Amezaa! Gaspari, amezaa na hukunijulisha?"

"Ndama ilikuwa mugonjwa, Mama. Niliogopa kukuletea habari mbaya."

Akamshika ndama shingo, anacheka, anasema ataitwa Faida. Bahati naye anacheka. Mjane wa shamba, nilijisemea, ataona nini? Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo mwenyewe hujiona anasafiri. Papa alikuwa hacheki. Alisimama upande wa kushoto wa ng'ombe, ameegemea fimbo.

"Gaspari, leta maji."

"Papa, alilala tu kwenye matope."

"Ng'ombe akilala kwenye matope anachafuka tumbo. Hii matope imepakwa na mukono. Naona vidole." Hakupaza sauti hata kidogo. "Leta maji."

Nilileta. Papa aliinama, goti likalia, akamimina maji na kusugua kwa kiganja chake, taratibu, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Matope yalishuka, na zile herufi zikatoka moja moja. Papa hakujua kusoma, lakini mfugaji gani asiyejua chapa ya duka?

"Umeweka rehani ng'ombe ya mujane," akasema.

Nikapiga magoti nikasema yote, mashine, karani, mto, mwezi mmoja uliokosekana. Korongo tu sikulisema. Bahati aliinua fimbo yake, na haki alikuwa nayo. Papa akaingia katikati na lile goti lake.

"Kama ni kupiga, piga mimi. Ni mimi nilishikana mukono na baba yako. Huyu hakushika mukono wa mutu."

Neno hilo liliniumiza kuliko fimbo. Bahati akashusha mkono, akageuka akatazama mlima. Mama Venansia alikuwa ameketi kwenye majani mabichi na kile kitambaa chake kipya, ndama bado anamlamba vidole.

"Ungeniuliza tu, Gaspari," akasema mwishoni. "Ungekuja pa mulango, ungesema Mama, niko na lazima na kitu hiki. Ningekuambia ungoje Bahati aoe, kisha uchukue. Mimi ningekukatalia nini?"

Unasikia hilo, mwanangu? Angekubali. Kitu nilichoiba kwa hofu ya miezi, ningekipata kwa neno moja mlangoni, na subira kidogo.

Sasa kesho wakwe wanakuja. Ng'ombe mwenye chapa ya duka haendi kwa wakwe. Kila atakayempita barabarani atauliza ni mali ya nani, na binti atatukanwa kabla hajawasha moto kwa mume wake. Ndoa ya Bahati ilikuwa inakufa mbele ya macho yetu. Papa alijua. Alisema tu: "Kesho watapewa Bihogo."

Bihogo alikuwa jike lake la rangi ya udongo mwekundu. Mama yake alikufa siku alipozaliwa, na Papa alimlea kwa mkono, akimnywesha maziwa kwa kiganja ndani ya nyumba tunamolala sisi watoto. Sijui kama Papa alipenda mtu kuliko alivyompenda yule ng'ombe. Mama Venansia akasema hapana, haiwezekani. Papa akamwambia, "Mama, imekwisha," akaanza kushuka mlima.

Jumapili Bihogo aliondoka na wakwe. Bahati alioa. Mashine Papa hakuivunja wala hakuiuza. Alisema itafanya kazi mpaka ilipe ilichokula, kwa maana dawa ya deni ni kulipa. Alituma dume wangu kwa karani kufunga ule mwezi uliokosekana, na mimi nikashuka Walikale kila juma, mvua au jua, mpaka karatasi ile ikachanwa mbele yangu. Nilimpeleka yule mweusi na Faida wake kwa Mama Venansia, nikamwomba radhi, nikamwomba turudi kama zamani.

Alinipa maji ya kunywa. Akanikalisha. Kisha akasema, "Siko na kasirani na weye. Niko tu na woga." Akawakabidhi wanyama wake kwa wafugaji wengine. Hakututukana popote, lakini mlima mzima uliwaona wakipita, na kila mtu alielewa.

Na Papa? Hakunisema tena hata siku moja. Ila zizi la wale wakwe lilikuwa kando ya njia yetu ya sokoni, na Bihogo alikuwa anakijua kikohozi cha Papa. Akikisikia tu, anakuja mpaka kwenye ua, anaweka shingo juu ya miti na kulia. Papa alivumilia mara mbili. Baada ya hapo akawa anazunguka njia ya mbali, nyuma ya mlima, na lile goti lake, kila siku ya soko, miaka yote mpaka alipokufa. Nilikuwa namfuata nyuma na mzigo.

Basi, mwanangu, sikuambii usikope. Mashine ni nzuri, na mtu wa kibuyu hawezi kushindana na mtu wa mashine. Kopa, lakini weka rehani kile ambacho kikiondoka utalia peke yako. Ukiona pesa yako itapita juu ya mto, uliza kwanza mto ukijaa utalipa nini, na usitie kidole kabla hujapata jibu. Ulichokabidhiwa ni cha mwenyewe hata kama kinakulamba mkono kila asubuhi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na kama kweli unakihitaji, nenda mlangoni ukaombe mchana, ukiwa umesimama. Ukikataliwa utarudi na aibu ya siku moja. Na kama tayari umeficha kitu, kiseme leo, kabla mzee wako hajaomba maji. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kinamuumbua pamoja na waliomzaa.

Nenda salama. Mungu akupe mikono ya kufanya kazi na kinywa cha kuomba. Akupe majirani wa kukukabidhi mali yao bila karatasi, na akupe moyo wa kuirudisha ikiwa imeongezeka. Na baba yako aliyekuzaa, kama yuko hai, Mungu amjalie kutembea barabarani kwa njia fupi mpaka mwisho wa siku zake. Amina.